Mama Alipokohoa Kilindini

Mto wetu ni mdogo. Ukiondoa siku chache za mvua kubwa, mtu mrefu anauvuka bila kulowesha shati, na watu wa Arua nilipowaambia kwamba kwetu Ludara kuna samaki wa kuvua kwa ndoano, walinicheka wakaniuliza kama tunavua vyura. Sikubishana nao. Anayeupenda mto hautangazi. Hilo shemeji yangu hakulijua, au alilijua akalisahau siku moja ambayo pombe ilikuwa nyingi na wasikilizaji walikuwa wakubwa wake wa kazi.

Nitaanza na hali ya maji, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka, na pia kwa sababu napenda kuieleza. Aliyechoka na avumilie kidogo.

Mvua zikikoma kwetu, karibu na Krismasi, mto huanza kupungua kama mgonjwa: kwanza sauti, halafu mwili. Kufikia Februari hautembei tena. Yanabaki madimbwi, moja hapa, jingine ng'ambo ya mchanga, na katikati mawe makavu yenye utando mweupe. Jua likishapanda linayapasha madimbwi hayo moto mpaka ukitia mkono unahisi kama maji ya kumwogesha mzazi. Samaki wanapanda juu kuhema, midomo wazi. Samaki wa namna hiyo hali kitu. Utampitishia panzi mnono mbele ya pua, naye atakutazama tu kama karani wa serikali.

Kwa hiyo mvuvi wa kiangazi ana muda mfupi, tangu mapambazuko mpaka jua liguse maji, basi. Na katika muda huo maji ni machache na maangavu, samaki anaona kofia yako kabla wewe hujamwona yeye. Inabidi utambae kwa magoti. Inabidi uhakikishe kivuli chako kiko nyuma yako. Uzi uwe mwembamba kabisa, na mwembamba hukatika, na hapo ndipo penye karaha yote ya uvuvi. Mke wangu alisema kama ningeitambalia kazi yangu hivyo tungekuwa na nyumba ya bati.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Nilikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja mjini Arua, nikishona sare za shule na magauni ya Jumapili, na kila nilipopata lori la kwenda Koboko nilikwenda nyumbani na ndoano mfukoni. Samaki niliowatafuta ni kuyu, wenye magamba makubwa na mapezi ya rangi ya udongo, ambao wana tabia ya kuokota wadudu juu ya maji. Watu wakichoma nyasi, panzi hukimbilia mtoni, na kuyu wanawangoja pale pale. Tatizo ni kwamba panzi wa kweli huchomoka ndoanoni. Basi nikachukua nyoya la shingo la jogoo, nikalizungusha kwenye ndoano kwa uzi mweusi wa kushonea suruali, nikalifunga kwa fundo la vifungo. Likielea, ni panzi. Mama alipoliona mara ya kwanza aliuliza ni samaki gani mjinga kiasi hicho. Jioni alimla huyo mjinga na vidole akalamba.

Sasa, palikuwa na mahali pamoja ambapo maji hayakupata moto. Mto unapokata kona chini ya jiwe kubwa kuna kilindi, na chemchemi inaingia ndani yake kutoka chini ya jiwe, baridi kiasi kwamba ukinywa kwa pupa meno yanauma. Sisi tuliowahi kukaa mjini tulikiita friji. Kiangazi kikikaza, kila samaki mwenye akili katika mto mzima alikuwa amehamia humo. Ungelala kifudifudi juu ya jiwe ukawaona, migongo myeusi imepangana, mashavu yakifunguka na kujifunga polepole. Kuwavua pale ilikuwa ni kama kuokota maembe chini.

Ndiyo maana ilikatazwa. Kwetu mto ukiacha kutembea, mwanamke mkubwa wa ukoo anashuka asubuhi na kufunga fundo la nyasi ndefu katika njia ya kilindini, upande huu na upande huu. Maji ya kunywa unachota. Ndoano, kikapu, wavu, hapana, mpaka mvua zije na mto utembee tena. Wale waliomo ni mbegu, na hakuna mtu aliyekula mbegu akavuna. Miaka ile mfungaji wa fundo alikuwa mama yangu. Nilitamani, sikatai. Nilikuwa nakaa juu ya lile jiwe na ndoano zangu za manyoya kama mtu mwenye njaa aliyekaribishwa arusini kutazama tu. Lakini fundo lilikuwa la mama, nami nilimwogopa mama kuliko serikali, na katika miaka ile serikali iliogopwa kweli kweli.

Shemeji alikuwa askari katika kambi ya upande wa Koboko. Alimwoa dada yangu mdogo kwa taratibu zote, ng'ombe walikuja wote na afya zao, kwa hiyo sikuwa na la kulalamikia, na hilo lenyewe liliniudhi. Sikumpenda. Alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Akipita sokoni kina mama walifunika karanga zao, na wauza nguo waliovuka kutoka Kongo waligundua ghafla kwamba wana safari.

Lakini mtu huyo huyo alikuwa na adabu moja ambayo sijaiona kwa mwingine. Kwetu mama na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawasemeshani, hawali pamoja, hawapishani njiani. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Mama akijua mkwe yuko karibu anakohoa, kikohozi kimoja kikavu cha makusudi, na mkwe anageuka atazame kwingine mpaka mama apite. Wengine siku hizo walishaanza kulegeza. Mtu anaona kanga ya mkwewe anajifanya hakuona. Shemeji, kamwe. Niliwahi kumwona anaruka kutoka kwenye pikipiki inayokwenda, anaingia kwenye shamba la muhogo na sare zake, kwa sababu mama alikohoa nyuma ya ghala. Pikipiki ikaendelea na safari peke yake mpaka kwenye kichuguu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama aliniambia nisicheke, yule anajua kuoa.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa Februari, mwaka mmoja kabla ya vita kutufikia. Nilikuwa kwenye dimbwi la chini, lile lisilokatazwa, nimepiga magoti nyuma ya tete. Maji yalikuwa bado ya kijivu na ubaridi wa usiku. Kuyu mmoja alikuwa anaokota kitu pembeni ya mchanga, pete ndogo ya maji, halafu nyingine, nami nilikuwa nasubiri ya tatu nijue anaelekea wapi. Ndipo nikasikia injini.

Gari mahali petu, asubuhi ile, katika miaka ile, lilikuwa na maana moja. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliacha mitungi wakakimbia. Mimi sikukimbia, si kwa ushujaa. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Land Rover ikaja mpaka kwenye mchanga ikasimama. Akashuka kapteni ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akashuka mgeni wake wa kiraia mwenye suti na viatu vya Kampala, na nyuma akashuka shemeji amebeba sanduku la mbao. Hakuwa amevaa miwani yake. Hapo nilijua mambo si mazuri.

"Wewe nafanya nini hapa?" kapteni akaniuliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Navua samaki, afande."

"Huyu shemeji yako nasema hii mto iko na samaki mingi. Nasema iko kama maharage ndani ya sufuria. Iko wapi?"

Nikamtazama shemeji. Yeye alitazama sanduku. Mdomo huponza kichwa, lakini safari hii mdomo wa mtu mmoja ulikuwa umeponza mto mzima. Nilielewa bila kuelezwa: bia, majigambo, mtu anataka kuwapendeza wakubwa, anawaambia kwamba kwa wakwe zake kuna kilindi cha ajabu. Na wakubwa wakasema twende.

"Leo jioni iko karamu," kapteni akasema. "Mgeni yangu nataka samaki. Fungua."

Shemeji akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mabomu ya mkono, yamelala kwenye majani makavu kama mayai ya kuatamia.

Nilikuwa nimeona kazi ya mabomu hayo. Mwaka uliotangulia askari walitupa moja katika dimbwi la watu wa Lurujo. Maji yalikuwa meupe kwa samaki wadogo, wale wa urefu wa sindano, matumbo juu. Askari walichukua wakubwa wakaenda zao. Dimbwi lilinuka mpaka mvua, watu wakatembea mbali kutafuta maji ya kunywa, na mvua zilipokuja mto ukajaa vizuri tu, ila hapakuwa na kitu ndani yake. Watoto wa kule waliacha hata kubeba ndoano. Nikaona kilindi chetu kimekuwa hivyo. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo.

"Afande, mimi nakamata kwa mukono. Bomu naharibu nyama. Mifupa navunjika ndani, halafu mugeni nakula mifupa."

Mgeni wa suti alikunja uso. Kapteni akamtazama mgeni, akaitazama fimbo yangu ya mwanzi, akacheka. Akaonyesha jiwe la katikati ya dimbwi, ambalo bado lilikuwa kivulini.

"Kamata. Jua nafika kwa ile jiwe, mimi natupa."

Sijawahi kuvua hivyo tena na sitaki. Kila kitu nilichokwambia kuhusu kiangazi kilikuwa kweli kwa mara mbili siku ile. Maji yalikuwa maangavu kama kioo, na kelele za buti zilikuwa zimewafukuza kuyu chini ya tete. Mikono ilitetemeka, na nyoya la jogoo halitui vizuri likirushwa na mkono unaotetemeka, linapiga kofi kwenye maji. Nilijiambia nitazame pete tu, nisitazame jiwe. Nikatambaa. Nikamngojea yule wa pembeni mwa mchanga, nikaliweka nyoya mbele yake kwa kadiri ya mkono, nikaliacha lielee bila kulivuta. Akaja. Nikamtoa, mkubwa kiasi. Mgeni akapiga makofi. Wa pili nilimpata penye kivuli cha mzizi, mdogo zaidi. Nikahesabu vinywa vya karamu moyoni na samaki wawili, na jasho likaniingia machoni.

Wa tatu alikuwa baba yao. Alikuja pole pole kutoka kwenye tete, akalifuata nyoya, akalitazama. Alipolichukua nilivuta kwa nguvu ya hofu badala ya nguvu ya mkono. Uzi ukakatika. Ule mlio mdogo wa uzi kukatika, mvuvi yeyote anaujua, nami mpaka leo nikiukumbuka nahisi joto shingoni. Nilipoinua macho jiwe lilikuwa limewaka jua.

"Basi," kapteni akasema. "Mchezo nakwisha."

Shemeji hakuwa na la kufanya ila kuongoza njia, na kapteni na mgeni wakamfuata. Fundo la mama lilikuwa pale njiani, nyasi zimepindwa kutoka pande mbili na kufungwa katikati. Shemeji aliliruka. Kapteni alilikata kwa buti bila hata kulitazama. Mimi niliwafuata na fimbo yangu isiyo na ndoano, sijui kwa nini, labda mtu hawezi kukiacha kitu chake kife peke yake.

Kapteni alipanda juu ya jiwe, akachungulia ndani ya kilindi, akapiga mbinja. Walikuwa wote pale, migongo kwa migongo. Akachukua bomu kutoka sandukuni akampa shemeji.

"Tupa wewe. Hii maji iko ya wakwe yako."

"Afande..."

"Tupa!"

Shemeji akavuta pini. Baadaye nilielezwa kwamba ukishavuta pini, maadamu umebana kile kibati cha pembeni, bomu halilipuki. Ukiachia tu, hesabu imeanza. Wakati ule sikujua hilo. Niliona pini inaanguka kwenye majani na mkono unainuka, na nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, hata kuliko kapteni, kwa sababu kapteni hakuwa amekula kwetu.

Ndipo mama akakohoa.

Kikohozi kimoja, kikavu. Alikuwa ameshuka kwa njia ya upande wa pili, wanawake waliokimbia walikuwa wamemfikia. Mtungi ulikuwa kichwani. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliingia majini kama anavyoingia kila siku, ila hakusimama ukingoni. Aliendelea mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani, kitenge kikaelea kumzunguka, na akasimama katikati ya samaki.

Shemeji alikwisha kugeuka. Hakuwaza, mwili ulijigeukia wenyewe, kama alivyoruka siku ile kutoka kwenye pikipiki. Mgongo kwa maji, uso kwetu, na mkono bado uko juu na bomu ndani yake. Mgeni wa suti alianguka chali. Kapteni aliruka kutoka juu ya jiwe akajibanza nyuma ya mti.

"Geuka! Tupa kwa maji!"

"Afande, hapana weza. Mama mukwe iko ndani ya maji."

"Mama mukwe nini! Mimi nasema tupa!"

"Mimi hapana weza angalia, afande." Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu nisiyemjua. "Hapana weza angalia kule."

Na kama hawezi kutazama kule, basi hawezi pia kutupa kule, na mbele yake tulikuwa sisi. Jasho lilikuwa linamshuka kwenye kiwiko. Niliwaza juu ya vidole vyenye jasho. Njia aliyojia ilipita kando ya maji, na kuirudia ingembidi apitishe macho kwa mama. Hakuyapitisha. Nasema tena, alikuwa na kifo mkononi, na hakupitisha macho.

"Shemeji," nikasema, kwa lugha yetu, "shimo la matofali. Kulia kwako, penye kichuguu. Nenda mbele tu. Hapo pana kisiki, inua mguu."

Akaenda. Nilimwelekeza kama mtu anayeelekeza kipofu, mbele, kushoto kidogo, shuka, na yeye alikwenda kwenye majivu ya nyasi zilizochomwa, macho yamekwama kwenye bomu, mkono umenyooshwa pembeni, mpaka penye lile shimo ambalo watu walichimba udongo wa matofali wakaliacha. Akatupa, akalala.

Ardhi iliruka. Udongo ulitunyeshea, na masikio yangu yalilia mpaka jioni. Nilipofumbua macho kitu cha kwanza nilichotazama ni kilindi. Mama alikuwa pale pale, mavumbi kwenye nywele, mtungi bado kichwani. Samaki walikuwa wamejikusanya kwenye miguu yake.

Kapteni alimwinua shemeji kwa kola akampiga makofi, akamvua mkanda, akamvua kofia. Kisha akaenda sandukuni akachukua bomu jingine yeye mwenyewe, akaja mpaka ukingoni. Yeye hakuwa mkwe wa mtu pale. Akamtazama mama, na mama akamtazama, maana kwa huyu hapakuwa na mwiko. Mama akasema maneno kwa lugha yetu.

"Nasema nini?"

Alikuwa amesema: mwambie atupe au aondoke, maji haya ni ya baridi. Mimi nilitafsiri nusu.

"Nasema maji iko baridi, afande."

Sijui kingetokea nini. Nimefikiri sana na sijui. Mgeni wa suti alikuwa ameinuka, suruali yote majivu, naye ndiye aliyesema, "Kapteni, twende. Samaki wawili wanatosha. Tafadhali, twende." Kapteni akalirudisha bomu kwenye majani yake, akaokota samaki wangu wawili, akavunja fimbo yangu kwenye goti, labda ili mkono usirudi bure. Shemeji walimlaza kwenye sakafu ya gari, bila mkanda. Mtu aliyepakiwa bila mkanda, siku zile, hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi.

Mama alibaki majini mpaka sauti ya gari ilipokwisha kabisa. Alipotoka midomo ilikuwa ya kijivu na meno yanagongana. Nikamvisha shati langu. Nilitaka kulia, nikauliza swali badala yake: alikohoa makusudi, ili kumzuia?

Alinitazama kama nimeuliza upuuzi. "Nimwone mkwe wangu nisikohoe? Mimi sina adabu?"

Kisha akatafuta nyasi nyingine ndefu akafunga fundo upya. Vidole vilikuwa vinatetemeka kwa baridi, fundo likakaa vibaya, akalifungua akalifunga tena.

Dada yangu alihamia kwetu na mtoto mgongoni. Tulikaa bila habari. Kila gari lililosikika barabarani dada aliacha alichokuwa anafanya, hata kama ni jungu liko motoni. Mama aliacha kumaliza chakula chake, na kwa mama hilo lilikuwa tangazo. Nami niliyemchukia nikajikuta Arua naulizia habari zake kwa wateja, kwa sauti ya chini, nikijifanya nauliza mengine. Alirudi mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa mwembamba, bila cheo, na kucha za mkono mmoja hazikuwapo. Alikaa nje ya uzio akimngoja mkewe, na mama alipotaka kupita kwenda ghalani alikohoa, na yeye akageuka, kama hakuna kilichotokea duniani. Hapo nilianza kumpenda, na hilo nalo liliniudhi.

Mwaka uliofuata vita vikaja. Magari ya askari yalipita Arua mchana na usiku yakielekea kaskazini, hayasimami, na watu walisema waliokuwa wakiyafuata watatufanya sote tulipe, kwa kuwa rais aliyeshindwa alikuwa wa upande wetu. Nikafunga kichwa cha cherehani kwenye baiskeli nikaenda nyumbani. Ilikuwa mvua tayari. Mto ulikuwa unatembea, fundo limefunguliwa, na jioni kumbikumbi walipotoka kuyu waliruka juu ya maji mpaka ukadhani ni mvua inayonyesha kutoka chini. Katika maisha yangu sijaona mwaka wenye samaki kama ule.

Asubuhi moja shemeji, ambaye walikuwa wamemrudisha kambini, alitokea kwa miguu, bila bunduki, amevaa shati la kiraia lisilomtosha. Dada na mtoto walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Sudani na majirani. Hakutaka kuja nyumbani, kwa sababu mama alikuwa uani. Alikaa juu ya jiwe la kilindini, viatu mkononi. Nikaenda kumwambia mama.

Mama alimchukua kuyu niliyemvua alfajiri, mkubwa kuliko wote, akampika kwa simsim kama anavyopikwa mgeni wa heshima, akasonga ugali wa muhogo. Kisha akabeba mwenyewe. Nilimwambia nitapeleka mimi, akanipita tu.

Karibu na kilindi akakohoa. Shemeji akageuka. Mama akaweka sahani juu ya jiwe, na desturi ni kwamba hapo angeondoka. Hakuondoka. Alisimama nyuma ya mti, na mkwe wake alikula akiwa amempa mgongo, polepole, mpaka akamaliza, na mama akasikiliza anavyokula.

"Ni wa humu?" shemeji akaniuliza, akionyesha maji kwa kidevu.

"Ni wa humu," nikasema.

Akaosha sahani mtoni, akairudisha juu ya jiwe. Tukashikana mikono. Shemeji akakunja suruali, akaingia majini kuelekea ng'ambo, upande wa mpakani. Katikati ya mto alisimama, mgongo kwetu, kama mtu aliyesahau kitu na hawezi kurudi kukitafuta.

Mama akakohoa, mara moja.

Hapakuwa na haja. Mkwe wake alikuwa tayari ametazama kwingine. Shemeji aliinamisha kichwa, akasimama hivyo kidogo maji yakimpita, kisha akapanda ukingo wa pili akaingia kwenye nyasi. Mama alibaki nyuma ya mti mpaka nyasi za ng'ambo zilipoacha kutikisika, ndipo akaja kuchukua sahani yake.